Kahawa ya Chupa Mbili

Waliozoea dele hustaajabu waonapo kahawa ikipikwa kwa chupa mbili za kioo, moja juu ya mwenziwe. Chombo hiki kilibuniwa Ulaya katika miaka ya 1830. Maji ya chini yakipata moto, mvuke huyasukuma yapande bombani hadi kwenye unga wa kahawa. Moto ukiondolewa, mvuke hupoa ukarudi kuwa maji, na kahawa huvutwa chini ikichujwa. Tangawizi ya unga huziba kichujio. Na itiwe kikombeni.

Kwa aliyeko Mwandoya, chupa ikipasuka, kupata nyingine ni safari. Basi aifute nje iwe kavu, atumie moto mdogo wa spiriti, wala asiiache motoni ikiwa tupu. Watoto nao wakae mbali, kwani hupenda mno kuchungulia maji yanayopanda.