Kikapu kimoja, bei gani? Hesabu ya wasukaji wa Wagenia

Hapa Kisangani kila mtu anajua ile mitego mikubwa ya samaki ambayo Wagenia wanaifunga kwenye miti juu ya maporomoko. Mitego ile inasukwa kwa mkono, sawa na vikapu vya soko. Kusuka tunajua. Kupanga bei njo shida.

Wengi wanamwangalia jirani: akiuza 5.000, na wao wanauza 5.000. Lakini pengine jirani anakata kamba mwenyewe porini, na wewe unazinunua. Gharama zenu si moja.

Tuhesabu pamoja kikapu kimoja cha soko. Namba hizi ni za mfano, weka zako.

- Kamba (kekele): fungu la franga 3.000 linatoa vikapu 2. Kwa kimoja: 1.500.
- Usafiri kwa pirogi ao toleka: 1.000 kwa fungu. Kwa kimoja: 500.
- Kisu na kukinoa: 200.
- Kazi yako: siku 2. Kama kulima shamba la mtu kunalipa 3.000 kwa siku: 6.000.

Jumla: franga 8.200.

Sasa, ukiuza 5.000, toa 2.200 za kamba, usafiri na kisu. Unabaki na 2.800 kwa siku 2, yaani 1.400 kwa siku. Haifiki hata nusu ya malipo ya shamba! Makuta umeshika, lakini nguvu zako umezigawa bure. Kijana akiona vile anaacha kusuka, na ufundi wa wazee unaisha.

Hizo 8.200 si bei bado. Ni mpaka wa chini. Kabla ya kutaja bei, angalia mambo matatu:

1. Mnunuzi. Anayechukua vikapu 10 na kulipa papo hapo, mpunguzie kidogo, lakini usivuke mpaka wako. Akilipa kwa samaki, hesabu samaki kwa bei ya soko ya siku ile.

2. Majira. Mvuvi anatafuta mtego wakati maji yanafaa kuvua. Suka mapema, uwe nao tayari siku anapouhitaji.

3. Plastiki. Kama beseni inauzwa 6.000, mama wa soko hatalipa 8.200 kwa kukuhurumia. Hapo punguzeni gharama: nunueni kamba pamoja, lipeni pirogi moja. Kama bado haitoshi, geukia kazi ambayo beseni haiwezi: mtego unaopitisha maji na kushika samaki.

Kwenye mkutano ujao wa koperative, kila msukaji alete hesabu yake kwenye karatasi. Linganisheni, kisha mkubaliane bei ya chini ambayo hakuna mshiriki atauza chini yake. Bei ya kamba ikipanda, rudini kuhesabu. Mnunuzi akizunguka kwa wasukaji wote na kusikia bei moja, ataacha kuwagombanisha.