Chikanda: debe la lumbesa linalovuka Tunduma

Kwenye mizigo inayovuka Tunduma kwenda Zambia, chikanda haijitangazi. Ni viazi vidogo vya okidi pori vilivyochimbwa nyanda za Makete, Njombe na Sumbawanga. Ng'ambo hukaushwa, hutwangwa, vikachanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, vikapikwa mpaka vikagandamana na kukatwa vipande. Chakula cha Wabemba kimekuwa kitafunwa cha mjini, na okidi zilipoadimika Zambia, wanunuzi waligeukia Tanzania.

Mama mmoja anayekusanya mzigo kutoka kwa wachimbaji analalamikia kipimo kuliko kitu kingine. Mnunuzi, anasema, hutaka debe la lumbesa, lenye kilima juu, na bei huja nayo kutoka ng'ambo. Akikataa, viazi vinamnyaukia. Akikubali, hana cha maana cha kumpa mchimbaji aliyeshinda na jembe kwenye baridi. Hana mzani, hana chama, na kibali hajui akaombe dirisha lipi. Faida anaiona kwa wauzaji wa vipande sokoni Zambia, si kwake.

Ofisa mmoja wa uhifadhi anajibu kwa tarakimu: kilomita za mraba 412 za Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, yenye aina zipatazo 45 za okidi. Tarakimu ni sahihi, lakini viazi huchimbwa pia kwenye nyasi za vijiji, nje kabisa ya mipaka hiyo. Okidi zote zimo katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe pori, kwa hiyo shehena inayovuka mpaka inahitaji kibali. Watafiti waliwahi kukadiria viazi milioni 2 hadi 4 kwa mwaka, na hayo ni makadirio, si hesabu ya mpakani.

Ng'oa mche mmoja utazame. Una viazi viwili: kimoja kimesinyaa, cha msimu huu, kingine kigumu, cha mwaka ujao. Mchimbaji hutupa cha kwanza, huchukua cha pili. Kila debe ni debe la mbegu.

Huenda uhaba ukapandisha bei na kuwavuta watu kulima. Sitarajii iwe karibuni. Punje ya okidi ni kama vumbi, haioti porini bila kuvu wake wa ardhini. Kwa sasa soko linakula kiazi cha porini.