Mawe ya Thika yashuhudia kuzaliwa kwa jua

Nilipokuwa ningali mwalimu, mwanafunzi mmoja wa darasa la saba aliniuliza swali lililonipiga bumbuazi: "Mwalimu, jua lilipoumbika hakuwapo mtu. Basi nani aliyeshuhudia?" Nilimwamuru akariri majina ya sayari, kwani ndiyo yaliyotahiniwa. Jibu hilo lanisuta hadi leo. Hata majina yenyewe hayakudumu, maana Pluto iliondolewa katika orodha ya sayari mwaka 2006.

Mashahidi wapo. Mnamo Julai 16, 2011, vipande vya kimondo vilianguka katika eneo la Thika. Vilipochunguzwa, vilibainika kuwa vya aina iitwayo kondraiti, yaani mawe yaliyotokana na vumbi la awali lililounda sayari. Miamba ya dunia imeyeyuka na kufinyangwa upya mara nyingi, ikapoteza kumbukumbu ya mwanzo wake; mawe ya jamii hii yaliponea tanuri hilo.

Umri wake wasomwaje? Madini ya urani hugeuka polepole kuwa risasi kwa kasi inayojulikana. Mtaalamu akipima kiasi cha kila moja, huipata miaka, kama apimaye muda kwa mchanga uliokwisha kudondoka. Kimondo cha Allende, kilichoanguka Mexico mwaka 1969, kilikutwa na chembe nyeupe zenye umri wa miaka milioni 4,567 hivi. Zama hizo wingu la gesi na vumbi lilijikunja kwa mvutano wake lenyewe, likazunguka hata likawa bapa mfano wa chapati. Katikati likawaka jua. Masazo yakagongana na kushikamana, yakawa sayari.

Ulimwengu wenyewe una umri wa miaka milioni 13,800 hivi, nao ulianza karibu wote ukiwa haidrojeni na heliamu. Chuma kilichomo katika damu ya mwanafunzi wangu kilipikwa na nyota zilizokufa kabla jua halijazaliwa.

Najua wapo walimu wanaochelea kwamba somo hili litawakosanisha na wazazi wacha Mungu. Hao nawakumbusha kwamba Georges Lemaître wa Ubelgiji, aliyependekeza mwaka 1931 kuwa ulimwengu ulichipuka kutokana na chembe moja, alikuwa padri wa Kikatoliki.

Laiti kipande kimoja cha Thika kingezungushwa madarasani, watoto wakakipokezana mkono kwa mkono!