Dawa ya kikohozi ya jikoni, na saa ya kuiacha

Mvua imerudi, na usiku karibu kila nyumba kuna mtoto anayekohoa. Hapa Bukavu tunajua la kufanya: tangawizi, ndimu, asali, na sufuria juu ya babula. Dawa hiyo ni nzuri. Haifukuzi mafua, maana mafua huondoka yenyewe, lakini inatuliza koo na mtoto anapata usingizi.

Mimi ninaifanya hivi. Ninachukua tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, ninaiosha mpaka udongo uishe, ninaiponda na kuichemsha dakika kumi katika vikombe viwili vya maji. Ninachuja. Ikipoa kidogo, ninakamulia nusu ndimu na kutia vijiko viwili vya asali. Pikeni ya siku moja tu. Mwenye mchaichai nyuma ya nyumba anaweza kuongeza majani mawili matatu kwa ajili ya harufu. Asali muinunue kwa mtu munayemjua, kwa sababu nyingine inayouzwa barabarani ni sukari iliyopikwa.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asionjeshwe asali hata kwa ncha ya kidole. Asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvishinda, na sumu yao inalegeza mwili mpaka pumzi. Huyo apewe titi, mara nyingi kuliko kawaida. Najua bibi za watoto hawapendi kusikia haya. Mama mkwe wangu alinikumbusha kwamba alilea wanane, na wote walilamba asali. Nikamjibu, "Ndiyo, mama, lakini huyu tumngoje atimize mwaka." Alinuna siku mbili.

Mwaka jana binti yangu wa miezi kumi na minane alishikwa na kikohozi. Siku tatu nilimpa tangawizi. Siku ya nne kikohozi kilipungua, nikashukuru. Jirani akaja kuomba moto, akamtazama, akasema: "Mama, mfunue nguo uhesabu pumzi." Nikahesabu 54 kwa dakika moja. Ilikuwa nimonia, na mimi nilikuwa naponda tangawizi.

Kuhesabu ni rahisi. Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala kunyonya. Mpandishe shati, tazama tumbo likiinuka, hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Usihesabu nusu dakika na kuzidisha, watoto hawapumui sawasawa. Mwenye miezi miwili mpaka kumi na moja, 50 au zaidi ni hatari. Wa mwaka mmoja mpaka mitano, ni 40 au zaidi. Wa chini ya miezi miwili, usingoje hesabu: akikohoa na kukataa titi, ondoka naye. Na mtoto yeyote ambaye kifua kinabonyea chini ya mbavu akivuta pumzi, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege au asiyeamka vizuri, apelekwe saa hiyo hiyo, hata usiku.

Mvuke wa majani ya kalitusi muwaachie watu wazima. Maji yale yakimwagika, mtoto anaungua vibaya kuliko mafua yenyewe. Na homa si kazi ya majani: mtoto apimwe damu ya malaria. Wengi wetu tumepanda artemisia, lakini tangu 2019 OMS imesema wazi kwamba haikubali chai yake kuwa dawa ya malaria.

Najua kwa nini tunachelewa. Fishi ya kituo cha afya inalipiwa, tangawizi iko jikoni. Mimi pia nilihesabu franka kabla ya kuhesabu pumzi. Mukifika kule, mumwambie muuguzi majani yote mtoto aliyokunywa, na yale aliyotiliwa kwa nyuma kwa mpira, hata kama atawakaripia. Atapanga dawa yake kwa kujua hayo.