Shaba Ndani ya Penseli ya Bluu

Anayenunua penseli za rangi, Kolwezi au kwingineko, huvutwa kwanza na wingi: boksi la rangi 48 humpendeza macho kuliko la rangi 12. Ningemsihi aache kuhesabu, aulize rangi hizo zimetengenezwa kwa kitu gani. Kwa mtu wa Lualaba, mkoa wa Kolwezi wenye machimbo ya shaba, jibu liko karibu na nyumbani, kwa sababu penseli nyingi za bluu na kijani zinazouzwa duniani leo zina shaba ndani yake.

Kiini cha penseli ya rangi hakina grafiti. Ni unga wa rangi, yaani pigimenti, uliochanganywa na kijazio kama kaolini au talki, gundi, na nta au mafuta. Kijazio ni cha bei nafuu, pigimenti nzuri ni ghali, na tofauti ya bei dukani huanzia hapo. Penseli iliyojazwa udongo hukwaruza karatasi, na hata uikandamize namna gani rangi haikolei. Iliyo nzuri hukolea kwa mkono mwepesi, na ukipaka tabaka la pili linashika juu ya la kwanza.

Lakini kukolea leo si kudumu kesho. Rangi nyingi za waridi na zambarau za bei ya chini huchujuka upesi, kwa kuwa mwanga hupasua molekuli zinazozipa rangi. Hapo ndipo shaba inapoonyesha thamani yake. Mwaka 1927, huko Fribourg, Uswisi, wanakemia de Diesbach na von der Weid walipata unga wa bluu ambao hawakuwa wakiutafuta. Ulikuwa fthalosayanini ya shaba: atomu moja ya shaba iliyoshikwa katikati na atomu nne za nitrojeni, ndani ya pete kubwa ya kaboni na nitrojeni. Muundo huo ni imara mno, jua huuchosha kwa shida sana. Kufikia 1935 ulikuwa ukiuzwa kama rangi. Kwenye penseli zinazotaja pigimenti zake utauona kwa alama PB15, na ndugu yake wa kijani kwa PG7.

Kobalti nayo ina habari yake. Katika madini, atomu ya kobalti ikizungukwa na oksijeni sita hutoa waridi, kama lile la sferokobaltiti inayopatikana kwenye machimbo ya Katanga. Ukiichoma pamoja na alumina, ikabaki na oksijeni nne tu, hugeuka bluu safi. Mfaransa Thénard aliitengeneza bluu hiyo mwaka 1802, na alama yake ni PB28. Jina “bluu ya kobalti” kwenye ubao wa penseli si ushahidi kwamba kobalti imo. Mara nyingi ni bluu nyingine ya bei nafuu iliyolinganishwa nayo. Soma alama, usisome jina.

Penseli isiyo na alama ipime mwenyewe. Chora mistari minene kwenye karatasi nyeupe, funika nusu yake kwa kadibodi nene, kisha ibandike kwenye dirisha. Kolwezi iko kusini mwa ikweta kwa takriban nyuzi 11, hivyo wakati wa kiangazi, kuanzia Mei, chagua dirisha linaloelekea kaskazini, ndiko jua liliko. Baada ya miezi michache funua na ulinganishe. Bluu na kijani nyingi zitakuwa zilezile. Waridi ndilo la kuchunguza zaidi.

Jambo moja nalisema kwa mkazo, kwa ajili ya watoto: malakaiti ya kijani inayookotwa kandokando ya machimbo isisagwe nyumbani kuwa rangi. Vumbi lake lina sumu, na miamba ya Musonoi, karibu na Kolwezi, ina madini ya urani pia. Kiwandani shaba hufungwa ndani ya molekuli. Kwenye unga wa jiwe haikufungwa hivyo.

Kabla ya kulipa, tazama kitako cha penseli. Kiini kikiwa kimekaa upande mmoja, kitavunjika kila unapochonga. Ikiwa fedha ni chache, nunua sita au nane zenye pigimenti nzuri, moja moja, zikiwemo nyekundu, njano na bluu. Rangi zilizobaki utazipata kwa kupaka moja juu ya nyingine.