Kurejelewa sana si ushahidi wa ubora

MSOMI anapoomba kupandishwa cheo chuoni, aghalabu huulizwa: makala yako yamerejelewa mara ngapi? Swali ni zuri, ila lina mtego.

Mtazame Oliver Lowry, mwanabiokemia wa Marekani. Mwaka 1951, yeye na wenzake watatu walichapisha makala kuhusu namna ya kupima kiasi cha protini. Yamerejelewa zaidi ya mara 300,000. Hata hivyo, Lowry mwenyewe alikiri kwamba si makala makubwa kivile. Basi siri ni nini? Kila aliyetumia mbinu hiyo katika maabara alipaswa kuwataja wenyewe, kama unavyomtaja mwenye jembe uliloazima.

Kisha kuna kipimo cha h, kilichopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Mwenye makala 10 yaliyorejelewa angalau mara 10 kila moja hufikia 10. Kwa hesabu hii, makala yale maarufu ya Lowry huhesabiwa kama moja tu!

Mpenzi msomaji, idadi ya marejeleo hutuonyesha kazi inayotumika. Ubora wake? Huo hatuujui mpaka tuisome.