Mashahidi Wawili wa Herufi Moja: Sayansi ya Fumbo la Maneno

Fumbo la maneno, ambalo wasomaji wengi wa magazeti hulijua kwa jina la chemsha bongo, ni mraba uliogawanywa katika vyumba vidogo. Vyumba vyeupe hujazwa herufi, na vyeusi huachwa vilivyo. Maneno mengine husomwa kwenda kulia, mengine kwenda chini, na kila neno lina kidokezo chake. Fumbo linalohesabiwa kuwa la kwanza la namna hii lilichapishwa tarehe 21 Desemba 1913 katika gazeti la New York World nchini Marekani. Mtungaji wake alikuwa Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, Uingereza, na fumbo lake halikuwa na umbo la mraba bali la almasi.

Watu wengi huliona fumbo kuwa mchezo wa kupitishia wakati. Hata hivyo, mwanafunzi anayelijaza kwa makini hutumia kanuni ile ile imwongozayo mjiolojia atafutaye dhahabu katika miamba ya Geita: jambo moja lithibitishwe kwa ushahidi wa njia mbili. Yafaa kanuni hiyo ichunguzwe, kwa maana ina nguvu nyingi, na pia ina mtego.

Kazi ya kujaza

Fumbo dogo lifuatalo lina maneno sita.

Kwenda kulia: 1. Mlo mkubwa wa sherehe (herufi 6). 4. Toa rushwa (5). 5. Kilimanjaro ni mmojawapo (5).

Kwenda chini: 1. Mji wa mkoa wa Shinyanga, magharibi ya Isaka (6). 2. Nyekundu, kijani au njano (5). 3. Nafaka istahimiliyo ukame (5).

Mjazaji asiye na uzoefu huanza na namba 1 kwa sababu tu ni ya kwanza. Aliye na uzoefu huanza na kidokezo chenye jibu moja tu. Hapa ni namba 5 kwenda kulia: MLIMA. Kidokezo cha nafaka, kinyume chake, kina majibu mawili yenye herufi tano, yaani MTAMA na UWELE, na yote mawili ni mazao ya nchi kavu. Jibu moja likiandikwa kwa wino kabla ya kupimwa, huenda likaharibu kazi yote. Kwa hiyo huandikwa kwa penseli, kama nadharia tete, yaani wazo linalongoja kupimwa. Kipimo kipo karibu: herufi ya mwisho ya nafaka hiyo ndiyo herufi ya mwisho ya MLIMA, nayo ni A. UWELE unaanguka, MTAMA unasimama.

Herufi ya kwanza ya MLIMA ni herufi ya tano ya jina la mji, na hapo KAHAMA hukubali. Sasa mlo wa sherehe unajulikana kuwa huanza na K na kuwa na M katika nafasi ya tano, hivyo ni KARAMU. Neno la rushwa huanza na H na kuishia na A: HONGA. Rangi ndiyo iliyobaki, nayo huingia bila taabu.

Mchoro wa 1

K A R A M U
A ■ A ■ T ■
H O N G A ■
A ■ G ■ M ■
M L I M A ■
A ■ ■ ■ ■ ■

Katika mchoro huu kuna herufi 23. Kati ya hizo, 9 zimo katika maneno mawili kwa wakati mmoja, na kila moja ya hizo ina mashahidi wawili. Herufi 14 zilizobaki zina shahidi mmoja tu. Kosa likitokea katika herufi tisa za makutano, maneno mawili hugombana na kosa hufichuka. Kosa likitokea kwingine, laweza kukaa kimya hadi jawabu lichapishwe siku ya pili.

Mashahidi wenye kosa moja

Mtego wa kanuni hii waonekana wazi katika nchi ya Wasukuma. Kisukuma cha asili hakitofautishi sauti za l na r, na ndivyo zilivyo lugha nyingine kadhaa za Kibantu. Si ila wala si upungufu, ni mpangilio tu wa sauti za lugha hiyo. Lakini katika Kiswahili sauti hizo mbili hubadili maana: kalamu huandikia na karamu huliwa, mahali ni pa kukaa na mahari hulipwa, mwananchi hupiga kura, naye hula chakula.

Mwanafunzi ambaye masikio yake hayajazoea tofauti hiyo huweza kuandika KALAMU panapotakiwa KARAMU. Akifika kwenye kidokezo cha rangi, makutano yangepaswa kumwonya, kwa kuwa neno hilo lingeanza na L. Ikiwa hutamka “rangi” kwa r, herufi hizo mbili zitagombana naye atafuta kosa. Ikiwa hutamka “langi”, ataandika LANGI bila wasiwasi. Vyumba vyote 23 vitajaa, maneno yote sita yatapatana, na bado fumbo litakuwa na kosa.

Mashahidi wawili walikuwapo, lakini walikuwa na chanzo kimoja cha kosa. Kupatana kwao hakukuthibitisha lolote. Ili ushahidi wa pili uwe na thamani, sharti uwe huru, usitegemee kile kile kilichoupotosha wa kwanza. Katika mfano huu shahidi huru ni kamusi, ambayo haina neno “langi”.

Jambo hili halihusu herufi peke yake. Katika miamba yenye dhahabu ya ukanda wa Geita na Kahama hupatikana pia pairaiti, madini ya chuma na salfa yenye rangi ya manjano na mng’ao, ambayo kwa utani huitwa dhahabu ya wajinga. Mchimbaji asemaye, “Ni ya manjano, tena yang’aa,” amedhani ameleta mashahidi wawili. Kwa kweli ni mmoja, kwa sababu rangi na mng’ao vyote hutegemea jicho, na pairaiti hulidanganya jicho kwa yote mawili. Shahidi huru ni uzito. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu halisi huwa na uzito wa gramu 19.3, hali ile ya pairaiti huwa na gramu 5 hivi. Shahidi mwingine ni alama iachwayo juu ya kigae kisichopakwa rangi ya kung’aza: dhahabu huacha mstari wa manjano, pairaiti huacha mstari mweusi wenye dalili ya kijani. Vivyo hivyo, kupima uzito mara mbili kwa mizani moja mbovu hakuondoi ubovu wa mizani. Mwenye mzigo hupata hasara ile ile mara zote mbili, akiamini amehakikisha.

Konsonanti husema zaidi

Je, herufi zote za makutano zina msaada sawa? Hapana. Kati ya herufi 23 za mchoro, 11 ni irabu, na 8 kati ya irabu hizo ni A. Herufi inayotokea mara nyingi namna hii haina habari kubwa, kwa kuwa hata kabla ya kuiona ilitarajiwa.

Jaribio dogo laonyesha hivyo. Mjazaji akiwa na irabu peke yake, ?A?A?U, anabaki na KARAMU, KALAMU, SALAMU, HARAMU, HATAMU, SARAFU na mengineyo. Akiwa na konsonanti peke yake, K?R?M?, maneno yanayokuja upesi ni KARAMU, KARIMU na KIRIMU tu. Irabu za Kiswahili ni tano, na herufi za konsonanti ni zaidi ya mara tatu ya hizo. Kwa hiyo kila konsonanti ijulikanapo hufuta majibu mengi zaidi. Anayetafuta msaada na autafute kwanza kwenye maneno yatakayompa konsonanti.

Mhandisi wa Marekani Claude Shannon aliliweka jambo hili katika hesabu mwaka 1948, katika makala iliyoanzisha nadharia ya habari. Alionyesha kwamba lugha ina ziada, yaani sehemu ya herufi zake ambayo yaweza kukisiwa kutokana na zilizobaki. Kwa Kiingereza aliikadiria ziada hiyo kuwa karibu nusu, na katika makala hiyo hiyo akaieleza kwa fumbo la maneno. Lugha isiyo na ziada ingefanya kila mpangilio wa herufi uwe neno: mraba wowote ungekuwa fumbo, lakini makutano yasingesahihisha kosa lolote. Lugha yenye ziada kubwa mno isingeruhusu maneno mengi kukatana. Fumbo huishi kati ya mipaka hiyo miwili.

Kwa nini vyumba vyeusi?

Swali jingine lafaa kwa darasa la hisabati: Je, mraba wa Kiswahili wenye vyumba vinne kwa vinne waweza kujazwa wote bila chumba cheusi? Maneno ya Kiswahili, isipokuwa machache ya kukopa, huishia na irabu. Basi maneno manne yaendayo chini yote yataishia na irabu, na herufi hizo nne za mwisho ndizo zitakazofanya mstari wa chini kabisa. Mstari huo nao sharti uwe neno, kwa hiyo latakiwa neno la irabu nne tupu. Maneno ya kamusi ya irabu tupu ni machache na mafupi, kama ua, oa, au na eua. Mraba mkubwa zaidi una shida kubwa zaidi. Vyumba vyeusi, basi, si pambo. Muundo wa lugha ndio uvidaio.

Kizuizi hicho huondoka mara chumba kimoja kikipewa silabi badala ya herufi, kama wafanyavyo Wajapani katika mafumbo yao. Kila chumba huwa na irabu yake, na mraba uliojaa huwezekana:

Mchoro wa 2

KA HA WA
HA BA RI
WA RI DI

Kahawa, habari na waridi husomeka kwenda kulia na kwenda chini vile vile, na kila silabi imeshuhudiwa mara mbili.

Zoezi

Mraba mwingine wa silabi tatu kwa tatu huanza na SA-FA-RI. Neno la pili ni mnyama apandwaye. La tatu ni hati ya kukiri malipo. Wanafunzi waujaze, kisha watunge wa kwao, na kila neno walitafute katika kamusi kabla ya kulikubali, hata lile ambalo darasa zima limepatana juu yake.